Ulrich Mühe mbona mnamsahau?

Mhariri, mkiandika waigizaji wa Ujerumani muwekeni na Ulrich Mühe bwana, maana huyu jamaa kazaliwa Grimma 1953, Ujerumani Mashariki ya enzi zile, jeshini akapangiwa kulinda Ukuta wa Berlin, ndo baadaye akaenda kusomea uigizaji Leipzig, halafu Novemba 4, 1989 akapanda jukwaani pale uwanja wa Alexanderplatz, Berlin Mashariki, kudai mabadiliko. Sasa 2006 akacheza kapteni wa Stasi, wale polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, kwenye filamu ya Das Leben der Anderen (Maisha ya Wengine), haongei sana, uso kaukaza tu, lakini unaona kabisa moyo wake unavyobadilika (mi wengi wa Hollywood siwaoni kwake). Tuzo ya Ulaya ya mwigizaji bora kabeba mwaka huohuo, filamu ikachukua Oscar Februari 2007, Julai kansa ya tumbo ikamuua, ana miaka 54 tu.