Tamathali za usemi zisiwe majina ya kukariri tu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na walimu wa Kiswahili wa huku kwetu Lamu, na wazazi wenzangu pia, kuhusu tamathali za usemi, yaani mbinu za kusema jambo kwa picha badala ya kulitaja wazi.

Juzi binti yangu wa kidato cha pili alikuwa akidurusu. Katika daftari lake, sentensi "Kama hutaki kwenda Shela, baki" imeandikiwa "tashbihi", na imepigwa alama ya vema kwa wino mwekundu. Mtoto simlaumu. Amefundishwa kwamba penye "kama" pana tashbihi, basi. Lakini "kama" hiyo ni ya sharti. Hakuna kilicholinganishwa na kingine. Tashbihi hutaka vitu viwili na sifa inayovikutanisha: "jahazi limelala ubavu kama mgonjwa". Ukiiondoa "kama" ukasema "jahazi lile ni mgonjwa", umeshaingia kwenye sitiari.

Kinachoniuma zaidi ni swali ambalo madaftarini halimo kabisa: tamathali hiyo inafanya kazi gani pale ilipo? Nahodha akiyatazama maji msimu wa kusi akasema "bahari leo haitaki mtu", mtoto ataandika "tashihisi" na kupita. Sawa, bahari imepewa hiari ya binadamu. Ila maneno hayo yamebeba uamuzi: safari imevunjika, wala hakuna wa kubishana na nahodha, maana aliyekataa si yeye. Raha ya kusoma iko hapo.

Na mali tunayo. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaufanya ulimwengu kuwa bahari yenye matumbawe. Watoto wa Lamu wanajua chombo kikipanda mwamba huwaje. Waulizwe kwanza: kwa nini matumbawe, kitu kinachojificha chini ya maji? Jina la sitiari lije baadaye.

Chuku, yaani kutia chumvi, na tafsida, yaani kupunguza ukali wa maneno, hazinitii wasiwasi. Wanazisikia nyumbani kila siku. Kinaya ndicho kinachowashinda, kwa kuwa hakina neno la kukitambulisha. Lazima usome kisa kizima ndipo uone mambo yamekwenda kinyume na yalivyotarajiwa.

Walimu wetu, nawaomba msitoe vema kwa jina tupu. Mwanafunzi ataje tamathali, anukuu maneno yenyewe, kisha aeleze yameongeza nini. Hata mifano michache kwa wiki yatosha, mradi kila mmoja uwe na maelezo yake.

Mzazi,
Langoni, Lamu