Mheshimiwa Waziri, walimu wa ziada msiwagawe sawa kwa sawa

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, salamu. Mi ni mwalimu wa darasa la pili, madarasa ya chini ndo nimeyafundisha miaka yote, na nakuomba usome mpaka mwisho maana hili jambo linanikaa rohoni kila mkitoa mgao wa walimu wa ziada.

Nina mtoto darasani anasoma ukurasa mzima bila kukosea, ukimsikiliza unasema huyu kaiva. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja, akanyamaza. Kumbe hadithi yote kaishika kwa kuwasikia wenzake, picha ndo inamkumbusha aanzie wapi, kidole kinatembea kwenye mstari lakini hakipo kwenye neno analolitaja. Nimekuja kugundua mwaka umeshafika katikati, Mheshimiwa, na sio kwamba sijali, ni kwamba walio kama yeye sio mmoja wala wawili, ni karibu nusu ya darasa, nyumbani kitabu hakuna na mzazi anatoka alfajiri anarudi usiku kachoka, wa kumsikiliza huyo mtoto akisoma ni nani kama sio sisi?

Sasa mgao wenu unahesabu vichwa. Shule mbili zina watoto 400 kila moja, basi zinapata sawa, na kwenye karatasi inaonekana ni haki kabisa. Lakini watoto 400 walioanza shule wakijua herufi na wana mtu wa kuwasomea nyumbani sio sawa na 400 ambao kitabu wamekishika mara ya kwanza darasani kwetu. Na ikiwa ni mgao wa kuomba kwa fomu ndo mbaya zaidi, mwalimu mkuu mwenye karani anaandika ombi zuri mapema, mwenzake ambaye anafundisha madarasa mawili kwa sababu walimu hawatoshi anaikuta fomu mezani tarehe imeshapita.

Wengine wameshaachana na hiyo hesabu. Ireland tangu 2005 wana mpango wa DEIS, shule zenye watoto wengi wa familia maskini zinapata walimu zaidi na madarasa madogo. Ufaransa mwaka 2017 walianza kuligawa darasa la kwanza kwenye maeneo yenye hali ngumu zaidi, watoto kama 12 kwa darasa, na hawakuanza nchi nzima, walianza pale panapouma.

Ila mfano ninaoupenda mimi ni wa India, kule Mumbai na Vadodara, shirika la Pratham lilichukua wasichana wa mitaa hiyohiyo, wakapewa mafunzo mafupi, kila mmoja anatoka na watoto 15 hadi 20 walioachwa nyuma, masaa mawili kwa siku, anawafundisha kile ambacho hawakijui hata kama silabasi imeshafika mbali. Watafiti wakalinganisha na shule ambazo hazikupata, matokeo yakapanda. Yaani siri haikuwa mtu mwenye vyeti vingi, ilikuwa ni kwamba kazi yake ni hiyo moja na hakuna anayemtoa hapo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu sisi tulishapata mwalimu wa ziada. Wiki tatu alikaa na watoto wangu 8 kwenye kona, wakaanza kuunganisha silabi, kisha mwalimu wa darasa la tano akaugua, yule wa ziada akapelekwa kushika darasa lile, hakurudi tena kwangu. Kwenye ripoti nina hakika imeandikwa tumesaidiwa.

Ninachoomba ni hiki, mgao uangalie hali ya watoto kwanza ndo idadi ifuate, na takwimu za umaskini mnazo tayari kwa hiyo msitudai fomu, mwalimu huyo akae madarasa ya chini, awe na ulinzi wa maandishi kwamba hageuzwi kiraka cha kuziba nafasi, na shule ikipanda kidogo msiinyang'anye mwalimu huyo mwaka unaofuata maana iliyopanda imepanda kwa sababu yake.

Yule mtoto sasa nakaa naye dakika 15 wakati wa mapumziko, juzi kasoma neno "kikapu" bila picha, akarudia mara tatu akicheka. Wenzake wengine bado sijawafikia, na mgao mpya ukitoka kabla muhula haujaanza nitajua niwapange vipi. Nasubiri jibu lako, Mheshimiwa.