Vijiti Hivi Si Kuni

Lushoto, Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na mumeo umsalimu.

Kifurushi atakachokushushia kondakta kesho hapo Dodoma usimpe dada akawashie moto. Ni vijiti vya ule mforsadi wa nyuma ya jiko. Nimevikata alfajiri nikavifunga kwenye gunia bichi, viko kumi na viwili, unene wa penseli, kila kimoja na macho manne ya kuchipulia. Ncha ya chini nimeikata mshazari na ya juu nimeikata sawa, usije ukavichomeka kichwa chini kama baba yako mwaka ule, akamwagilia mwezi mzima.

Vichomeke siku hiyohiyo kwenye viriba, udongo na mchanga nusu kwa nusu, macho mawili yafukiwe. Viweke kivulini. Baada ya wiki mbili tatu vitatoa majani, nawe utanipigia simu kwa shangwe. Subiri kwanza. Kijiti cha mforsadi huchipua kwa akiba kilichotoka nayo kwa mama yake, mizizi bado. Usikivutevute kuangalia. Mvua zenu zikishakolea, mwezi wa kwanza hivi, ndipo uteue mmoja wenye nguvu uuingize ardhini na samadi ya mbuzi. Mingine gawia majirani.

Sasa mahali pa kuupanda. Wa kwanza tuliupanda karibu na shimo la maji taka, maana pale palikuwa na unyevu na mimi nilijiona mjanja. Ulikua mno. Siku choo kilipokataa kushuka, fundi alivuta kwenye bomba msuko wa mizizi mrefu kama nywele za bibi harusi. Baba yako akachukua shoka. Nikamsihi aache kisiki, akauacha kimo cha goti, tukabadilisha njia ya bomba. Msimu uliofuata machipukizi yalijaa forsadi kutoka chini hadi juu! Miaka yote tulikuwa tunauonea huruma, kumbe matunda yake yanakaa kwenye matawi machanga. Tangu siku hiyo, nikimaliza kuchuma, naukata. Wako pia usiache ukupite kimo, la sivyo ndege watakula wao, wewe uokote.

Basi uwe mbali na choo, mbali na ukuta, na mbali na mahali mumeo anapoegesha gari. Umesema anataka kuweka vigae ua mzima. Mwombe akuachie kona, na umwambie mapema kwamba doa la forsadi kwenye vigae litamkera. Kwenye nguo, sugua kwa forsadi mbichi, ambayo haijaiva, kabla hujafua. Wewe unalijua doa hilo: ulikuwa unaniapia hujapanda mtini, na midomo zambarau hadi puani.

Ukiona majani mengine yamechanika kama kiganja na mengine mazima, usidhani nimekuchanganyia miti. Ndivyo ulivyo. Wachina huyalisha viwavi vya hariri. Mimi mbuzi wangu wakiyaona hawaniachi nipumue.

Forsadi zikiiva, uzile siku hiyohiyo, hazilali. Zikizidi, chemsha na sukari na limau.

Gunia nirudishie kwa kondakta huyohuyo, ni la jirani.

Mama yako