Nimalize shahada kwa miaka mitatu au nipunguze kozi?

Mpendwa mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali hapa Mtumba, mama wa watoto wawili. Nina stashahada, na mwaka huu nimeanza shahada kwa masomo ya jioni katika chuo kimoja cha hapa Dodoma. Naomba unisaidie kuamua kabla usajili wa muhula ujao haujafungwa.

Shahada yangu ina krediti 360. Kwa utaratibu wa nchi yetu, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na hapo si kukaa darasani tu; asaimenti, kujisomea na mitihani vyote vimo. Anayetaka kumaliza kwa miaka mitatu anabeba krediti 120 kwa mwaka, yaani 60 kila muhula. Ni saa 600. Muhula ukiwa wa wiki 15, unakudai saa 40 kwa wiki, na saa kama hizo tayari nampa mwajiri. Nikitoka Mtumba jioni napanda daladala hadi mjini, nahudhuria kipindi chuoni, nikifika nyumbani Nkuhungu watoto wamelala. Kusoma kunabaki usiku wa manane na Jumapili baada ya ibada. Mume wangu ananisaidia sana, lazima niseme, lakini naye amechoka.

Mshauri wangu wa kitaaluma amenishauri nichukue nusu ya kozi. Saa zinashuka hadi 20 kwa wiki, ila miaka inakuwa sita. Nina miaka 38. Nitahitimu nikiwa na 44. Kazini bila cheti cha shahada sibadilishiwi kada, na mshahara unabaki pale pale. Halafu kuna ada. Pale chuoni kwetu sehemu yake hulipwa kwa mwaka, uwe na kozi sita au tatu, kwa hiyo kwenda polepole kunaniongezea gharama.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni mpangilio wa kozi zenyewe. Baadhi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, na nyingine huwezi kuzisoma kabla hujafaulu ile inayoitangulia. Nikiacha kozi moja ya takwimu sasa, nitaingoja mwaka mzima, na zile mbili zinazoitegemea zitasogea pamoja nayo. Hilo halionekani ukigawanya 360 kwa hesabu ya haraka. Kwa upande mwingine, nikibeba zote nikashikwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, kisha nikarudia kozi, muda niliokimbilia kuuokoa unapotea vilevile, tena na GPA, yaani wastani wa alama, imeshuka.

Mdogo wangu aliyesoma Marekani anasema hata huko watu hukwama hivi. Krediti zao zinahesabiwa tofauti na zetu: shahada nyingi ni 120, na mwenye krediti 12 kwa muhula anatambuliwa kuwa mwanafunzi wa muda wote. Lakini mihula minane ya krediti 12 inampa 96 tu. Ili amalize kwa miaka minne anahitaji 15. Wengi hugundua hilo wakiwa wamechelewa, na mimi sitaki yanikute.

Nimefikiria njia ya katikati: krediti 45 kwa muhula, miaka minne, nikitanguliza kozi zinazofungua nyingine na kuahirisha za kuchagua. Moyo wangu unaelekea huko, ila sijampata mtu aliyeipita njia hiyo akiwa kazini.

Je, mwajiri huwa anakubali kurefusha ruhusa ya masomo iliyoandikwa miaka mitatu? Na kozi za stashahada yangu zinazofanana na hizi, niombe zihamishiwe krediti sasa au nimeshachelewa? Wasomaji mliosoma jioni huku mkilea, mlibeba kozi ngapi kwa muhula, na mlimaliza baada ya miaka mingapi?

Mama wa wawili,
Nkuhungu, Dodoma