Vitabu vya zahanati vifunguliwe kabla ya masika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa afya na wajumbe wa kamati za maafa mkoani Tanga.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati katika kijiji kilicho kando ya mto Pangani. Kila mwisho wa mwezi muuguzi wetu hukaa na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, na kikokotoo, anajumlisha wagonjwa wa nje, wajawazito, watoto waliochanjwa. Ripoti huenda wilayani, ikaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na Dodoma wakaiona. Ni kazi ngumu na naiheshimu. Ila ripoti hiyo inahesabu yaliyokwisha kupita. Mto ukifurika katikati ya mwezi, haitamwambia mtu yeyote kwamba ng'ambo kuna mama anayetarajia kujifungua wiki hiyo, au mzee ambaye dawa zake za kisukari zinaisha Ijumaa.

Majina hayo tunayo, yamo kwenye rejesta zilezile. Hakuna aliyepewa jukumu la kuyachambua kabla ya mvua, kitongoji kwa kitongoji, na kuhakikisha namba za simu bado zinapatikana. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanazijua nyumba hizo. Wapewe kazi hiyo. Orodha ibaki kwa mganga mfawidhi, chini ya kufuli. Isibandikwe ukutani wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, maana siri ya mgonjwa ni siri hata wakati wa mafuriko.

Kuhusu tahadhari, Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilionyesha kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa inaweza kutuonya mapema. Huku kijijini taarifa zake zilitufikia kupitia redio na simu za watu, zikiwa zimechanganyika na uvumi. Zahanati nayo ilisikia kama sisi wengine. Onyo la mvua kubwa lingepaswa kuifikia moja kwa moja, pamoja na maelekezo: ongezeni ORS (chumvichumvi za kunywa kwa anayeharisha) na dawa ya kutibu maji, hamisheni chanjo, wahamisheni wajawazito waliokaribia.

Na mto huu una tabia yake. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita Nyumba ya Mungu na Korogwe ndipo yatufikie. Huku jua linaweza kuwaka na mto ukajaa. Kwa hiyo simu ya mtu wa Korogwe kwa mganga wetu ina thamani kuliko ripoti ya mwezi mzima, lakini leo hakuna utaratibu unaomtaka aipige.

Vituo vya afya tayari hutoa taarifa za kipindupindu kwa simu ya kitochi, kwa kubonyeza namba, bila intaneti. Njia hiyo iongezewe maswali machache: barabara inapitika? Dawa zimebaki za siku ngapi? Nani anahitaji boti? Na anayepokea wilayani awajibike kujibu siku hiyohiyo. Nakala ya karatasi iwepo pia, kwa sababu mnara wa simu huzima umeme unapokatika.

Namwomba Mganga Mkuu wa Wilaya kikao cha maandalizi ya masika kifanyike safari hii kwenye zahanati, vitabu vikiwa mezani, na mwenyekiti wa kamati ya maafa ya kijiji akiwemo.

Mjumbe wa kamati ya zahanati,
Pangani, Tanga