YAH: MALALAMIKO KUHUSU MCHORO WA UKURASA WA 9 NA MAJIBU NILIYOPEWA JUU YA KUUNGANISHA NYAYA ZA DEKI YA CD

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Deki yenu ya CD yenyewe sina ugomvi nayo. Inasoma diski vizuri, hata zile zenye mikwaruzo, na sauti yake ni safi. Ninacholalamikia ni kijitabu cha maelekezo kilichokuja nayo, pamoja na majibu niliyopewa na watu wenu wa simu mara 3. Kijitabu kimeniharibia spika, na majibu hayo yangeniharibia zaidi kama ningeyafuata yote.

Haja yangu ilikuwa ndogo. Mama yangu masikio yake yamepungua nguvu. Sauti inayomtosha yeye, sisi wengine hatuwezi kukaa nayo chumba kimoja. Nikamtafutia amplifaya ndogo ya hedifoni ya kuweka kando ya kiti chake, aongeze na kupunguza mwenyewe. Deki ni moja, na nyuma yake ina jozi moja tu ya matundu ya sauti ya kawaida, jekundu la kulia na jeupe la kushoto. Kwa hiyo nilitaka nyaya mbili zitoke kwenye jozi hiyo: mmoja uende amplifaya kubwa ya sebuleni, mwingine uende kwa mama.

Nikafungua kijitabu. Habari yote ya kuunganisha iko ukurasa wa 9, tena ni mchoro mtupu, hakuna hata sentensi moja. Nyaya mbili hazimo kabisa. Nikaona nianze na huo mmoja uliochorwa. Mchoro unaonyesha waya ukitoka kwenye deki na kuingia kwenye amplifaya, matundu yaliyoandikwa PHONO. Nikafuata kama ulivyo. Nilipobonyeza kitufe cha kucheza, ulitoka mngurumo, sauti ya mwimbaji imepasuka, besi imevimba hadi vioo vya kabati vikawa vinatetemeka. Mama, ambaye mlango ukigongwa hasikii, alishika kifua. Nilikimbilia swichi ya ukutani. Tangu siku hiyo spika ndogo ya juu, upande wa kushoto, inakwaruza kila mwimbaji anapotamka herufi "s".

Fundi wa redio niliyemwita aliigeuza amplifaya, akamulika tochi, akaniuliza nani aliniambia niweke CD pale. Nikampa kijitabu chenu. Akakisoma mara mbili, akanieleza jambo ambalo nyinyi mlipaswa kunieleza: PHONO ni mahali pa mashine ya santuri. Sindano ya santuri hutoa umeme kidogo sana, milivolti chache tu, ndiyo maana pale kuna saketi inayoukuza karibu mara 100. Isitoshe, saketi hiyo huinua besi na kushusha sauti nyembamba, kwa sababu santuri hurekodiwa kinyume cha hivyo. Deki ya CD hutoa hadi volti 2. Ukiziingiza volti 2 pale, saketi inazidiwa papo hapo, na kinachotoka si muziki tena. Alihamisha plagi kwenye matundu yaliyoandikwa CD, vidole viwili pembeni, na sauti ikatulia. Hata matundu yaliyoandikwa AUX yangefaa, alisema.

Sasa nije kwenye simu, na hapa ndipo ninaposikitika zaidi, kwa sababu niliuliza swali lilelile mara 3 nikapata majibu 3 tofauti. Wa kwanza alinikataza kugawa sauti kwenda vifaa viwili, akasema deki itaungua. Wa pili aliniambia waya wa mama niuchomeke kwenye tundu la rangi ya machungwa. Plagi inaingia vizuri kabisa, kwa kuwa umbo ni lilelile, lakini lile ni tundu la dijitali. Linatoa namba, na namba hizo zinahitaji kifaa cha kuzigeuza kuwa sauti. Amplifaya ya mama haina kifaa hicho. Alikaa na hedifoni masikioni, ananitazama, akisubiri wimbo ambao haukuja.

Wa tatu ndiye aliyenitisha. Alinishauri ninunue waya wa panda, yaani wenye plagi moja upande mmoja na mbili upande wa pili, niunganishe deki na redio pamoja ziingie tundu moja la amplifaya, ili nipate nafasi. Namshukuru fundi kwamba nilimuuliza kwanza. Waya wa panda unafaa kugawa, haufai kuchanganya. Sauti ya deki moja ikigawanywa kwenda amplifaya mbili hakuna kinachoungua, maana amplifaya nyingi zina ukinzani wa ohmu 10,000 au zaidi mahali sauti inapoingilia, yaani huvuta umeme kidogo sana, nayo deki inazihudumia zote mbili bila taabu. Lakini vifaa viwili vinavyotoa sauti vikifungwa pamoja, kila kimoja kinasukuma umeme kumwingia mwenzake. Sauti inadhoofika, inachafuka, na vifaa vinaweza kudhurika. Mtu anayelipwa kuwajibu wateja wenu hakulijua hilo.

Mwishowe fundi alifunga waya wa panda upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto, na kazi ikaisha ndani ya dakika 10. Kulikuwa na mvumo mdogo. Akachomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, ukatoweka. Mama alivaa hedifoni, akazungusha kitufe polepole kwa kidole gumba, akafumba macho, midomo ikaanza kufuata maneno ya wimbo. Hili ndilo nililolitaka tangu mwanzo, na nyinyi mlikuwa na uwezo wa kunipa kwa nusu ukurasa wa maandishi.

Naomba mnitengenezee spika iliyoharibika au mnilipe gharama yake pamoja na ya fundi, kwa sababu nilifuata mchoro wenu bila kuongeza wala kupunguza. Mchoro wa ukurasa wa 9 urekebishwe, na wote walionunua deki hii wapelekewe karatasi ya masahihisho kabla hawajapasua spika zao. Karatasi hiyo ieleze pia namna ya kugawa sauti kwenda vifaa viwili. Watu wenu wa simu nao wafundishwe tofauti ya tundu la dijitali na la kawaida.

Nimeambatisha picha ya ukurasa wa 9, picha ya nyuma ya amplifaya, risiti ya deki, maelezo ya fundi kwa mkono wake, na tarehe za simu zote 3. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja