Usiongeze chakula: barua kwa sahibu yangu mfuga samaki

Dar es Salaam,
9 Machi 2025

Sahibu yangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumanne pamoja na picha za tangi lako jipya, nami nimefurahi kuona kwamba hatimaye umeshinda ule ubishi wa nyumbani kuhusu nafasi ya sebuleni. Picha moja, hata hivyo, imenikosesha raha. Yule samaki wako mkubwa wa aina ya frontosa, mwenye mistari saba kama walivyo wenzake wa Kigoma, ana bonde nyuma ya kichwa na tumbo limeingia ndani, ilhali wale samaki wadogo kumi na wanne wa aina ya trofeusi wanaomzunguka wamenenepa kama ndama wa masika. Umeniandikia kwamba unakusudia kuongeza chakula maradufu ili naye apate. Ndiyo sababu nimeketi kukujibu usiku huuhuu: tafadhali usiongeze.

Nilifanya hivyo mimi mwenyewe. Frontosa wangu alibaki amekonda vilevile, na katika muda wa wiki tatu nikazika trofeusi wanne chini ya mpapai. Kwanza waliacha kula, kisha wakaanza kutoa kinyesi cheupe kinachoning'inia kama uzi, na mwishowe matumbo yakavimba huku wakihema karibu na uso wa maji. Nilikuwa nikidhani nawahurumia wanaokosa, kumbe nilikuwa nawaua wanaopata.

Chanzo chake kiko ziwani Tanganyika kwenyewe. Trofeusi huishi kwenye miamba ya maji mafupi, penye jua, na kazi yake kutwa ni kukwangua mwani uliotanda juu ya mawe. Utumbo wake umejikunja na urefu wake unazidi mwili wake mara kadhaa, kwa kuwa chakula hicho ni hafifu na huingia kidogo kidogo bila kukoma. Frontosa, kwa upande wake, hukaa vilindini kwenye mwanga hafifu, na huwawinda samaki wadogo alfajiri wangali wamezubaa, kwa hiyo hajawahi kuhitaji mbio. Sasa sisi tumewaweka katika kioo kimoja, tunatupa konzi moja ya tembe za chakula zenye protini nyingi, na kabla hazijazama shubiri moja trofeusi wamekwisha kuzigawana. Aliyeumbiwa majani anakula nyama, na aliyeumbiwa nyama anabaki kutazama.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuwatenga kwa aina ya chakula, kwa mahali na kwa saa, wala si kwa wingi. Mimi niliwapa trofeusi chakula chao mchana, mara tatu, upande wa kushoto tu: vipande vyembamba vya spirulina, yaani mwani uliokaushwa, kiasi cha kwisha katika dakika moja, na siku mbili kwa wiki jani la mchicha lililochovywa katika maji ya moto na kufungwa kwenye jiwe kwa mpira. Mchana huo sikumtupia frontosa chochote, hata aliponifuata kiooni kwa macho yale ya mdai.

Zamu yake ilikuwa usiku. Nilizima taa za tangi, nikaacha ile ya ukumbini tu, kisha nikangoja karibu saa nzima hadi trofeusi wote wawe wamejipenyeza kwenye nyufa za mawe. Hapo nilichukua paipu nyeupe ya kupitishia nyaya za umeme, nikaisimamisha upande wa kulia hadi karibu na mchanga, na kudondosha ndani yake tembe tano tano zilizokwisha kulowekwa katika kikombe cha maji ya tangi. Kuloweka usikuone kuwa ni mbwembwe, kwani frontosa anayezoea kudaka vinavyoelea humeza na hewa, na unaweza kumkuta asubuhi yake akielea kichwa chini, asiweze kushuka.

Laiti ungekuwapo ukamwona anavyokula. Tembe inatua mchangani, naye anaisogelea kama mzee anayekagua bei ya samaki mnadani, anasimama juu yake, anainamisha kichwa, anafikiri. Anaiokota kwa midomo ile minene, anaitema, anarudi nyuma kidogo, anaiokota tena. Tembe moja ilimchukua muda ambao trofeusi mmoja angemaliza kumi. Mara ya kwanza kumwona anakula kumi na mbili kwa utulivu wake mwenyewe, pasi na mtu wa kumkimbiza, nilisahau hata chai yangu mezani.

Ukiwa na ngogo, yule samaki mwenye sharubu, tangini, kama nilivyoona mkia wenye madoa pembeni mwa picha ya tatu, ujue kwamba huyo naye ni mtu wa usiku na hana haya. Mdondoshee tembe chache nyuma ya mawe kabla hujaanza na frontosa, ashughulike huko.

Kuhusu moyo wa ng'ombe unaouziwa kwa maelezo kwamba huwakuza upesi, achana nao, maana mafuta ya mnyama wa nchi kavu hayamfai samaki. Kamba wabichi waliomenywa na kukatwakatwa wanatosha, mara moja au mbili kwa wiki, usiku uleule na kwa paipu ileile. Nusu saa baadaye nyonya mabaki kwa mpira wa maji. Maji yetu haya tuliyoyafananisha na ya ziwa, yenye pH (kipimo cha uchachu au ualkali wa maji) inayokaribia 9, huifanya amonia ya chakula kilichooza kuwa na sumu kali kuliko ilivyo katika maji ya kawaida, kwa hiyo tembe mbili zilizosahaulika chini ya jiwe si jambo dogo.

Utaratibu huo niliufuata mwaka mmoja na nusu, na ulifanya kazi. Hata hivyo, mwishowe niliwahamisha trofeusi, na nitakueleza kwa nini. Nilisafiri siku tisa nikamwachia mpwa wangu maelekezo ya ukurasa mzima. Kijana ni mwerevu, lakini usiku wa pili usingizi ulimshinda, na tangu hapo akawa anatupa kila kitu kwa pamoja saa kumi na mbili jioni. Niliporudi nilikuta wawili wamevimba. Sikumlaumu, kwa sababu tangi linalotegemea saa na mkono wa mtu mmoja ni tangi lenye kasoro, na kasoro hiyo ilikuwa yangu. Wewe unayekwenda Tanga kila mwezi, nani atakayeshika paipu?

Ninalo tangi la lita 300 limelala stoo, halivuji, na chujio lake ni zima. Ukikubali, nitalileta Jumamosi na trofeusi wote kumi na wanne wahamie humo kwa pamoja, kwa kuwa wakigawanywa watapigana. Hadi siku hiyo shika zamu ya usiku, uhesabu tembe anazomeza frontosa, kisha unipigie picha yake ya ubavuni, taa ikiwa imewashwa, nilione lile bonde limejaa kiasi gani.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi sahibu yako wa siku zote.